Kongamano la mikrobiolojia: mabango na usafiri

Habari za jioni wapendwa. Wa hospitali ya KCMC na Moshi mjini, Kosta inaondoka saa 11:30 alfajiri na haisubiri mtu. Foleni ya Tengeru mnaijua. Wageni wanaoshukia uwanja wa ndege wa KIA watapokelewa na vijana wenye vibao, ni kama kilomita 50 hadi AICC, kituo cha mikutano Arusha.

Mabango ya utafiti ni A0, wima, sentimita 84 kwa 119. Chapisheni kwenye kitambaa, kinakunjwa kikaingia begini. Ya karatasi hufika na makunyanzi katikati ya grafu. Na jamani, msilete sahani za petri zenye bakteria hai, hata kama usugu wao kwa dawa unashangaza kiasi gani. Picha zinatosha.

Julai Arusha ni baridi, bebeni masweta. Asiyejiandikisha chakula leo asije kuwalaumu wapishi.