Barua ya malalamiko: Mmembandua mwanangu "Junia" mgongoni

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Indianapolis, Indiana

20 Oktoba 2025

Ndugu Meneja,

YAH: JEZI YA HARRISON JR. NAMBA 18, ODA YA TAREHE 4 AGOSTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mlango wa duka lenu umeandikwa "Karibuni", na kwa sababu maneno yaliyonichoma yalisemwa kwa Kiswahili, Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba, kwenye kaunta yenu, mbele ya mwanangu na mbele ya wateja saba niliowahesabu. Utaratibu wenu wa kurekebisha bidhaa yenye kasoro mnaujua, mmeuandika wenyewe, kwa hiyo sitaurudia.

Oda yangu ilisomeka HARRISON JR., yaani Harrison Junia, mwana mwenye jina la baba yake, herufi kubwa, na nukta mwishoni. Niliisoma mara mbili kabla ya kulipa dola 174, na risiti yenu ilinirudishia maneno yaleyale. Tarehe 4 Oktoba, miezi miwili kamili baadaye, nikakabidhiwa jezi nyekundu ya Arizona, timu ya futiboli ya Kimarekani, yenye namba 18 na neno moja juu yake: HARRISON.

Ndugu Meneja, ninyi mnafanya kazi ya jezi katika mji huu. Mnajua HARRISON bila chochote mbele yake ni nani. Ni Marvin Harrison, namba 88, jezi ya bluu, aliyeichezea Colts, timu ya mji huu, misimu 13, kuanzia 1996 hadi 2008, na hakuwahi kuchezea timu nyingine. Ndiye aliyedaka mipira 143 katika msimu mmoja wa 2002, na jina lake limetundikwa uwanjani tangu 2011. Mwenye namba 18 ya Arizona ni mwanawe, Marvin Harrison Jr., aliyechaguliwa wa nne timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2024, akitokea chuo cha Ohio State. Kwa watu wa hapa, namba 18 ni ya Peyton Manning, yule aliyekuwa akimrushia mpira huyo baba. Sasa niambie, jezi nyekundu yenye namba 18 na HARRISON peke yake ni ya nani? Hakuna mtu wa namna hiyo. Mmechapa jina la baba kwenye namba ya mwana, mkaniuzia.

Kijana wenu wa kaunta alinijibu kwamba jina likizidi nafasi, hukatwa. Herufi kumi! T.J. Houshmandzadeh alicheza Cincinnati na herufi zake kumi na nne zote mgongoni, zimepinda kama upinde kutoka bega hadi bega, na hakuna fundi aliyezikata akamwacha na nusu ya jina. Robert Griffin III alipoingia Washington mwaka 2012, aliingia na GRIFFIN III mgongoni, mchezaji wa kwanza wa NFL, ligi yenyewe ya mchezo huu, kuvaa tarakimu za Kirumi pale. Babu yake Robert Griffin, baba yake Robert Griffin, naye Robert Griffin. Bila vile vijiti vitatu huwezi kujua ni yupi kati yao anayekimbia na mpira. Steve Smith alipokuwa Baltimore alivaa SMITH SR., yaani baba ndiye aliyejiongezea herufi. Mambo haya anayajua mtoto wa darasa la tano anayefuatilia ligi. Duka linalokula kwa jezi haliwezi kuniambia halijui.

Nilirudisha jezi palepale tarehe 4. Niliahidiwa, na ninayo karatasi, kwamba JR. itawekwa kwa kitambaa kilekile na ukubwa uleule, tayari Jumamosi ya tarehe 11. Nilisisitiza tarehe hiyo kwa sababu Jumapili ya tarehe 12 Arizona walikuwa wanakuja hapa kucheza na Colts. Mechi ya kwanza ya ligi kwa yule kijana katika uwanja ambao jina la baba yake liko ukutani. Tiketi nilinunua tangu Juni. Mimi ningevaa 88 yangu ya zamani, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa pili wa ghala nilipofika nchi hii, na mwanangu angevaa 18. Harrison na Harrison Jr., bega kwa bega, tupige picha moja, niitume Tanga kwa baba yangu.

Maana mwanangu ana jina langu lote: la kwanza, la katikati na la ukoo. Baba hakupendezwa alipozaliwa. Kwetu jina hushuka kutoka kwa babu, na mzee alikuwa akilisubiri lake. Nilimweleza kwa simu kwamba huku kuna herufi mbili zinazomtenga baba na mwana, na nikamwahidi kwamba mahali popote jina la mtoto litakapoandikwa, herufi hizo zitakuwepo, ili asije akamezwa na mimi. Nimeitunza ahadi hiyo miaka kumi na sita. Nimesahihisha fomu za shule. Nimesahihisha kadi ya kliniki. Kuna mwaka famasi moja ilimpa mtoto dawa zangu za presha kwa kuwa mtu fulani aliona Jr. ni kitu cha kuruka anapoandika. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake ndiye aliyesoma kibandiko, kidonge cha kwanza kikiwa tayari kimetolewa kwenye chupa. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie habari ya "herufi mbili tu".

Sasa nirudi kaunta.

Tulifika saa nne asubuhi. Kijana wenu akaitoa jezi. JR ilikuwa imebandikwa kwa plastiki nyembamba, nyeupe ya maziwa, wakati HARRISON ni kitambaa kilichoshonwa. Herufi zimeinama upande, J imekaa juu ya mshono, na nukta hakuna. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kijana wangu, hivi sivyo tulivyokubaliana." Akanijibu, "Mzee, hiyo Junia ni mapambo tu. Jina ni Harrison." Kisha akamgeukia mwanangu, akamuuliza, "Kwani wewe mwenyewe unajali?" Kabla mtoto hajajibu, akaingiza ukucha chini ya R, akaibandua. Akabandua na J. Akaziweka kwenye kiganja cha mwanangu na kusema, "Haya, shika Junia yako." Watu kwenye foleni wakacheka.

Hilo ndilo lalamiko langu. Mengine yote katika barua hii, Ndugu Meneja, yanaweza kulipwa kwa pesa. Hilo haliwezi.

Nilipiga simu Jumatatu ya tarehe 13. Nilishikilia dakika arobaini, laini ikakatika. Nikapiga tena, dada mmoja mpole akaniambia msimamizi atanipigia kabla ya jioni. Hakupiga. Jumatano nikaandika barua pepe. Jibu mnalo kwenye kumbukumbu zenu, mistari miwili, kwamba "majina yanaweza kufupishwa kulingana na nafasi" na kwamba mnanipa punguzo la asilimia kumi kwa ununuzi ujao. Ununuzi ujao! Na mstari wa kwanza wa jibu hilo, baada ya "Mpendwa", umeandikwa jina la mwanangu, na Jr. ipo. Kwenye kompyuta yenu mnaweza kuiandika pale ambapo si yake, kwa sababu oda ni yangu mimi, lakini mgongoni pake mlishindwa.

Na ile mechi. Colts walishinda 31 kwa 27, mechi nzuri iliyokwenda hadi dakika za mwisho, na sikuweza kuifurahia. Mwanangu alivaa sweta jeusi lenye kofia juu ya jezi, akafunga zipu hadi kidevuni, na kule ndani ya uwanja hakukuwa na baridi. Nilimwambia avue tupige picha. Akasema, "Baba, itasomeka kama yako." Hatukupiga. Baba yangu alipiga simu usiku kuuliza picha iko wapi, nikamwambia simu iliishiwa chaji. Mimi, mtu mzima, nikamdanganya mzazi wangu kwa sababu ya kazi yenu.

Naomba nilieleze tena lile la Jumamosi, kwa sababu nahisi mtaambiwa vingine na mfanyakazi wenu, na kwa sababu kila nikilala naliona. Alipokuwa akibandua herufi hakuwa hata ameitazama jezi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye simu yake, mwingine ndio uliokuwa ukikwangua. R ilitoka nzima. J ilikatika mkia, akaukwangua mkia peke yake. Mwanangu alikuwa amenyoosha mkono akidhani anapewa jezi. Ndipo akawekewa vile vipande kiganjani. "Haya, shika Junia yako." Mama mmoja mwenye toroli la mtoto hakucheka, namshukuru popote alipo. Wengine walicheka. Mtoto hakuvitupa. Alifumba kiganja, akakiingiza mfukoni, akasema, "Baba, twende." Ni kijana mwenye maneno mengi, tangu pale hadi nyumbani hakusema lolote. Vipande hivyo viko kwenye bahasha mezani kwangu ninapoandika: R moja, J isiyo na mkia, na mkia.

Huyo mfanyakazi wenu anazungumza Kiswahili safi. Amelelewa na watu kama mimi. Anajua kwetu mtu akikosea jina lako humsahihisha mara moja, na akilikosea kwa makusudi mbele ya watoto wako amekutukana. Mgeni wa mila zetu ningemsamehe. Yeye, hapana.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili: jezi mpya yenye HARRISON JR. iliyoshonwa kama ilivyolipiwa, na barua ya kuomba radhi. Nimefika hapa naona hayatoshi, na naomba myasome madai yangu kama yalivyo sasa.

Jezi mpya naitaka bado, bila malipo, na kitambaa cha jina kiwe kipande kimoja kilichoshonwa, si herufi za kuongezea. Pamoja na hiyo narudishiwa dola 174 zote, kwa kuwa siku ambayo jezi ilinunuliwa kwa ajili yake imepita na Arizona hawarudi mji huu mwakani. Radhi iandikwe na kuelekezwa kwa mwanangu, kwa jina lake kamili, na kijana wa kaunta aisaini kwa mkono wake, nawe uisaini chini yake. Sitaki punguzo la asilimia kumi. Liondoeni kwenye akaunti yangu.

Zaidi ya hapo, mimi ndiye mweka hazina wa timu ya soka ya vijana wa jumuiya yetu. Mnayo oda yetu ya jezi 22, na dola 300 za utangulizi tumelipa mwezi Septemba. Oda hiyo naisimamisha leo. Kati ya vijana hao 22, watatu wanavaa Jr., na mmoja wao ameomba aandikwe kama Vini Jr. wa Real Madrid anavyoandikwa. Siwezi kuwapeleka watoto wa watu kwenye kaunta ile. Kama hadi Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba sijapata majibu ya maandishi, oda itakuwa imefutwa, na dola 300 nazo nazidai.

Tarehe hiyo ikipita kimya, benki yangu itaombwa kuyarudisha malipo ya kadi, na nimeshawauliza, wamenieleza nyaraka za kuambatanisha: risiti, karatasi ya ahadi ya tarehe 4, picha ya jezi, barua pepe yenu. Zote ninazo. Jumatatu ya tarehe 3 Novemba nitawasilisha malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Indiana, kitengo cha kuwalinda walaji, na barua hii nitaisoma kwenye mkutano wa jumuiya Jumamosi ya tarehe 8, neno kwa neno, na jina la duka lenu nitalitaja. Wengi waliokaa kwenye mkutano huo ni wateja wenu. Baadhi yao niliwaleta mimi.

Nimejitahidi kuandika kwa adabu niliyofundishwa. Msiichukulie kuwa ni unyonge.

Naambatanisha nakala za nyaraka nilizozitaja pamoja na picha ya bahasha. Bahasha yenyewe sitawapa. Mwanangu ameniomba aitunze.

Wenu,
Mteja wa oda ya tarehe 4 Agosti

Majina yetu, langu na la mwanangu, mnayo kwenye kumbukumbu zenu. Mtakapojibu, liandikeni la kila mmoja wetu lote.