Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu cha wasomaji wa historia kilishika mada moja: namna watawa wanawake wa Uingereza walivyotunza mali na hesabu zao katika miaka ya 1300 hadi 1540. Wapo walioiona mada kavu, lakini vikao vilijaa.

Binafsi sikuweza kuuacha mwongozo wa mtunza ghala wa abasia ya Barking, nyumba kubwa ya watawa wanawake karibu na London. Akishika tu ofisi, kazi yake ya kwanza ni kuangalia wapangaji na wakusanya kodi wanadaiwa nini, na kuhakikisha wanalipa mapema. Kisha hesabu yake ionyeshe kila alichouza: ngozi za ng'ombe, shahamu, hata matumbo. Kwaresima ikikaribia, atafute heringi, lozi, tini na zabibu kavu, na kila mtawa apate fungu lake. Mama huyo aliijua biashara. Tena tangu mwaka 1298 Papa Boniface VIII alikuwa ameagiza watawa wanawake wasitoke nje ya kuta zao, kwa hiyo mashamba ya mbali yalibaki mikononi mwa wasimamizi.

Utajiri haukuwa wa wote. Tathmini ya mali za Kanisa ya mwaka 1535 iliipa abasia ya Syon mapato ya zaidi ya pauni 1,700 kwa mwaka, ilhali nyumba nyingi hazikufikisha hata 200, na hizo ndizo zilizolengwa kwanza na sheria ya Mfalme Henry VIII ya kuzifunga nyumba za watawa ya mwaka 1536. Barking ilifungwa 1539.

Kule Ankerwyke, nyumba ndogo ya watawa, mwaka 1441, watawa walimweleza Askofu Alnwick aliyekuja kuwakagua kwamba mama mkuu wao anavaa pete za dhahabu huku wao nguo zimewachakaa. Maaskofu wakaguzi walikuwa wakirudia agizo lilelile: hesabu zisomwe kila mwaka mbele ya watawa wote, na muhuri wa nyumba ufungiwe kwenye sanduku lenye funguo zaidi ya moja, kila ufunguo na mshikaji wake.

Nasi hesabu zetu za katikati ya mwaka zilichelewa. Mliuliza, na mlikuwa na haki kuuliza, naomba radhi. Kuanzia sasa daftari litasomwa kila kikao, na hakuna fedha itakayotoka benki bila sahihi tatu.

Na kwa kuwa mtunza ghala wa Barking alianza na madeni, nami naanza nayo: wanachama tisa hawajalipa ada. Orodha anayo mweka hazina. Tafadhali mwoneni kabla ya chai.