Barua kwa mwanangu anayedhani amechelewa

Mwanangu mpenzi,

Ni saa saba za usiku, nimekaa jikoni, wewe umelala. Juzi uliponiambia, "Mama, mimi nimechelewa," nilikosa la kukujibu, na tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Kijana wa ghorofa ya chini ana miaka 17 na amepata mkataba na lebo, kampuni ya kutoa muziki. Wewe una 19. Ukafunga kompyuta, ukageukia ukutani kama mtu aliyefiwa.

Nataka nikuelezee habari za mtu mmoja wa mtaa huu huu wetu wa Tottenham, hapa London: Skepta, mwanamuziki. Wewe umemjua akiwa ameshakuwa mkubwa, jina lake limeandikwa kila mahali. Mimi nimemsikia tangu akiwa sauti moja kati ya sauti kumi, na wakati huo sikujua ni nani.

Nilipokuja London nilikuwa nikisafisha ofisi usiku. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu. Nilikuwa napika huku nikigeuza kitufe cha redio ndogo, ile ya babako, kutafuta taarifa ya habari. Mshale ukipita mahali pake kidogo tu, nakutana na vijana wanasema kwa kasi, huyu anamaliza huyu anampokea, na nyuma yao mdundo mkavu, baridi, kama mtu anayegonga bati kwa hesabu. Nilidhani redio imeharibika. Kumbe ndiyo ilikuwa grime inazaliwa, muziki huo wa vijana, na mimi nakaanga vitunguu.

Vituo vile havikuwa na leseni. Vijana walipanda usiku juu ya mapaa ya majumba marefu wakafunga antena, studio yenyewe ikawa chumba cha mtu. Serikali ikiing'oa antena, wanapandisha nyingine. Rinse FM kilianza hivyo mwaka 1994, na leseni kilikuja kuipata 2010. Hesabu mwenyewe, mwanangu. Miaka 16 watu wanatangaza kwa kujificha, ndipo wakaambiwa sasa mnaruhusiwa.

Jina lenyewe, grime, ni uchafu ulioganda, masizi ya ukutani. Muziki huo ulitokea mashariki ya London, mitaa kama Bow, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mapigo kama 140 kwa dakika, umechukua kwa garage na jungle, miziki ya kucheza iliyoutangulia, na pia kwa wazee wa Kijamaika waliokuwa wakibeba spika zao kubwa kutoka ukumbi hadi ukumbi. Vijana wanasimama wawili, wanapeana maneno mbele ya watu, na asiyejua kujibu anaaibika. Ulishangaa siku nilipokwambia kwamba hilo si geni kwangu. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu Muyaka bin Haji alikuwa akirushiana mashairi na watu wa Lamu zaidi ya miaka 180 iliyopita, huyu anafumba, yule anafumbua na kurudisha. Maneno kuwa silaha na watu kukaa kusikiliza nani kashinda, hayo nimeyakuta nyumbani.

Sasa huyo mtu wetu. Joseph Junior Adenuga, Skepta, alizaliwa Septemba 1982, wazazi wake wote wawili wametoka Nigeria. Watoto wanne wa nyumba moja: Joseph, Jamie ambaye ni Jme, Julie ambaye ni mtangazaji, na Jason. Walikulia majumba ya Meridian Walk, hapa hapa Tottenham. Hakuanza kwa kushika maiki. Alikuwa DJ wa kundi la Meridian, yaani yeye ndiye anayewapigia santuri wenzake waseme. Akatengeneza midundo yake, halafu baadaye ndipo akaanza kusema mwenyewe.

Na hapa nataka usome polepole. Mwaka 2003 kijana wa Bow, Dizzee Rascal, alichukua tuzo ya muziki ya Mercury kwa albamu yake ya kwanza kabisa. Alikuwa hajatimiza miaka 19, na tuzo hiyo hutolewa kwa albamu moja tu kwa mwaka katika Uingereza na Ireland. Skepta wakati huo alikuwa anakaribia 21, na nje ya mitaa hii nani alimjua? Kama wewe ungekuwa yeye, ungefunga kompyuta ukageukia ukutani. Mwenzako wa muziki ule ule, jiji lile lile, mdogo kwako, ameshabeba kilicho kikubwa kuliko vyote.

Yeye hakugeukia ukutani. Mwaka 2005 na ndugu yake Jme wakaanzisha Boy Better Know. Lebo, unaweza kuiita hivyo, lakini ilikuwa ni ndugu wawili na marafiki, CD wanazotoa wenyewe, fulana wanazouza wenyewe. Mwaka 2006 akasimama na msanii mwenzake Devilman katika DVD ya Lord of the Mics, shindano ambalo mpaka leo vijana wenu wanabishana nani alishinda. Albamu ya kwanza ikatoka 2007, ya pili 2009, ya tatu 2011. Albamu tatu, mwanangu, na bado mlango mkubwa umefungwa.

Kufungwa kwenyewe hakukuwa kwa bahati mbaya. Tangu 2005 polisi wa London walikuwa na fomu, namba 696, ambayo mwenye ukumbi alitakiwa kuijaza kabla ya onyesho: majina ya wasanii, anwani zao, simu zao. Mwanzoni iliuliza mpaka muziki gani utapigwa, na watu wa asili gani watakuja kuusikiliza. Fomu hiyo ilifutwa Novemba 2017. Kwa miaka 12 kijana wa grime angeweza kujaza ukumbi ugenini, na hapa kwao onyesho likavunjwa kwa karatasi. Nikiliwaza hilo nakasirika mpaka leo. Ndiyo maana wengi wao waliingia kutafuta njia nyingine: nyimbo za klabu, viitikio vya kuimbika, mavazi ya bei. Skepta naye alipita njia hiyo. Simlaumu. Mtu akifungiwa mlango wa mbele atajaribu dirisha.

Lakini dirisha lile halikumtosha. Mwaka 2012 alitoa video ndefu, hakuna mdundo, hakuna mavazi, ni yeye tu anaongea na kamera juu ya uzito ulio moyoni mwake. Alikuwa karibu miaka 30. Nilipoiona, miaka mingi baadaye, nilimwona kijana aliyechoka kuvaa nguo isiyo yake. Nilikuona na wewe.

Halafu 2014 akatoa wimbo na Jme, That's Not Me. Kwa Kiswahili chetu: yule si mimi. Anasema mle kwamba zile nguo za majina makubwa alizokuwa akivaa amezitia kwenye pipa la taka. Mdundo ameurudisha kule kule kwenye grime ya zamani, ule ubaridi niliousikia jikoni kwangu. Na video yake, wewe unaijua, ndugu wawili wamesimama mbele ya picha zinazocheza nyuma yao, kila kitu kimekaa kama kanda iliyotolewa kabatini. Iligharimu pauni 80. Ikachukua tuzo ya MOBO, tuzo za muziki wenye asili ya watu weusi, ya video bora mwaka ule ule.

Pauni 80! Viatu vyako vya Krismasi vilizidi hapo. Na yule mwenye studio aliyechukua pauni 300 ulizozipata kwa kubeba mizigo sokoni, akakuahidi "sauti ya kimataifa", akakupa faili linalokwaruza na hashiki simu tena, huyo amekuachia jeraha, najua. Ulirudi siku ile hukula. Nataka ujue kwamba hukuonewa kwa sababu huna kipaji. Ulionewa kwa sababu ulidhani kuna mtu ana kitu ambacho wewe huna chumbani mwako.

Yaliyofuata yalikuja kwa kasi, mpaka mtu anaweza kudhani yalianza pale. Februari 2015 Kanye West, yule rapa wa Marekani, akawapandisha vijana wa grime, Skepta akiwemo, jukwaani kwenye tuzo za Brit, tuzo kubwa za muziki za Uingereza, wamevaa nyeusi wote, na moto unawaka. Watazamaji wengine walilalamika kwamba wametishwa. Skepta akachukua lalamiko kama hilo, kwa sauti ya mama mmoja, akalipachika katikati ya wimbo wake Shutdown. Hilo nalipenda sana. Tusi likageuzwa kuwa sehemu ya mdundo, Muyaka angelielewa.

Mei 2016 ikatoka Konnichiwa, chini ya Boy Better Know, lebo ile ile ya fulana. Ikafika nafasi ya pili katika chati ya albamu za Uingereza. Septemba 15 mwaka huo, ukumbi wa Hammersmith, likasomwa jina la mshindi wa Mercury. Katika orodha ilikuwamo albamu ya mwisho ya mwimbaji David Bowie, aliyefariki Januari, na watu wengi walidhani tuzo itakwenda kwake kwa heshima. Ikaenda kwa Skepta. Zilikuwa zimebaki siku nne atimize miaka 34.

Tuzo ile ile, mwanangu. Mmoja aliipata kabla ya 19, mwingine akikaribia 34. Na waliokuwa wakisikiliza redio siku za mwanzo watakwambia waliwasikia wote wawili miaka ile ile.

Lakini si tuzo iliyonifanya nikuandikie. Ni kwamba alipanda na wazazi wake. Jukwaa limejaa marafiki, kelele, watu wanakumbatiana, na katikati yao mama na baba wa Kinigeria waliolea watoto wanne Tottenham. Nimeirudia video ile mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele yako. Namtazama yule mama tu. Nawaza ni mara ngapi usiku alisikia mdundo kupitia ukuta akiwa na zamu asubuhi. Nawaza kama na yeye aliwahi kuingia chumbani akachomoa waya.

Maana mimi nilichomoa. Mwezi uliopita, saa tano za usiku, nilitoka kazini miguu imevimba, nikaingia bila kubisha, nikachomoa waya wa maiki yako nikatoka nao. Nikasema kelele. Ulikuwa katikati ya mstari. Sikukuomba msamaha siku ile, nakuomba sasa. Nisamehe, mwanangu. Ile haikuwa kelele. Ulikuwa kazini, kama mimi nilivyokuwa kazini.

Na kuna jambo jingine, hujui kwamba nalijua. Ule wimbo wako wa kwanza, kabla hujaubadilisha, ulikuwa na sauti ya nyanyako. Ulimrekodi kwenye simu tulipokwenda Mombasa, amekaa barazani anachambua mchicha, anakwambia, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Ukaliweka neno lake mwanzo, halafu mdundo ukaingia juu ya kicheko chake. Niliusikia kupitia ukutani, nikakaa kitandani nikalia kimya kimya. Nyanyako sasa hayupo, na kicheko chake kilikuwa humo. Wiki mbili baadaye kikaondoka. Ukanieleza kwamba mtu fulani kakushauri, hapa nani ataelewa Kiswahili.

Skepta alikubali mwaka 2018 kupewa cheo cha uchifu kijijini kwa baba yake, Odo-Aje, huko Nigeria, akavaa mavazi ya kwao. Mtoto wa Tottenham. Hakuna aliyemwambia kwamba London haitaelewa, au kama alimwambia, hakumsikiliza.

Siwezi kukuahidi kwamba utapanda Hammersmith. Mimi si mtu wa kudanganya mwanangu, na nimewaona wengi hodari wa mtaa huu ambao hakuna aliyewashangilia. Chuo chako usikiache pia. Jme mwenyewe alisoma chuo kikuu na maiki hakuitupa. Ninachokuomba ni kimoja. Mrudishe nyanyako kwenye wimbo. Kama ukiamua kuacha muziki baada ya hapo, acha, nitakuunga mkono, lakini usiache ukiwa umevaa sauti ya mtu mwingine.

Kesho nina zamu ya alfajiri, hutanikuta. Mchuzi wa samaki uko kwenye sufuria ndogo, upashe kwa moto mdogo tui lisikatike. Wali uko kwenye hotpoti. Waya wako nimeurudisha, uko juu ya meza yako, nimeuzungusha vizuri kama unavyopenda wewe.

Mamako