Njoo umtake radhi kwa jina lako

Tumbe, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Bamvua limekwisha juzi, mwani uko juani unakauka, na mvua haijatuharibia kitu. Baba yako anakusalimu. Hajui ninayokuandikia, na sitamwambia mpaka tuonane mimi na wewe.

Nimekujua, mwanangu. Ile namba nyengine ambayo haimo katika simu ya mtu yeyote hapa nyumbani, na lile jina la kujipa unalotumia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kijiji, havikunizuia kukujua.

Wiki iliyopita shoga yangu ninayelima naye mwani aliuliza kwenye kundi fedha za kisima zimefikia wapi. Aliuliza kwa adabu. Herufi zilikosewa na maneno mengine yalishikana, lakini swali lilieleweka, na alikuwa na haki ya kuliuliza, maana alichanga kabla ya wengi wenu mlioko mjini. Ukajibu wewe. Ukamwambia aende kwanza akajifunze kuandika ndipo aingilie mazungumzo ya watu, kisha ukamalizia: domo kidau, nanga huna.

Nilipofika hapo nilikaa chini. Hapana mtu mwengine niliyewahi kumsikia akisema hivyo isipokuwa marehemu bibi yako. Lilikuwa neno lake la ndani. Alilisema mkipiga kelele wakati wa kula, huku mkono wake uko kichwani kwako, na wewe ulikuwa ukicheka mpaka unapaliwa na wali. Umelichukua neno la mapenzi la mtu aliyelala kaburini, ukampigia nalo mwanamke asiyekukosea kitu.

Sasa sikiliza na hili, kwani ndilo lililoninyima usingizi. Yule mama hajui kuandika kabisa. Anayemwandikia ni mjukuu wake wa darasa la tatu. Jioni ile mtoto alikaa kizingitini, bibi akisema na yeye akibonyeza herufi moja moja, na alipomaliza alijisomea mwenyewe kwa sauti, amefurahi. Majibu yalipoanza kuingia alikuwa yeye vilevile anayeyasoma. Alipofika kwenye lako alinyamaza katikati ya neno. Tangu siku ile ukimpa simu anaiweka chini. Juzi alikuja kwangu chuoni ninakosomesha Kurani, nikamwambia aandike alifu na bee ubaoni, akaniambia mkono unamuuma.

Watu arubaini na kitu walikuwekea vile visura vya kucheka. Siku ya pili ulifuta maneno yako. Lakini yalikwisha kupigwa picha na kusambaa, na mtoto alikwisha kuyasoma.

Najua utasema, mama, Wazanzibari tumezaliwa na vijembe. Ni kweli, na sitakuficha. Mimi nimelelewa katikati ya vijembe. Mama yangu na jirani yake walipeana maneno kwa khanga mwaka mzima. Huyu akinunua doti yenye neno la kuchoma, anapita nayo mbele ya baraza ya mwenzake. Mwenzake anangoja sikukuu, anatoka na yake. Kijiji kizima kilikuwa kikisoma. Usiku mmoja yule jirani akashikwa na uchungu, mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi, na aliyekwenda kumbeba ni mama yangu. Mtoto alipotoka alifunikwa kwa khanga iliyokuwa karibu, ambayo ndiyo ile ya kijembe. Kila mmoja alijua nani kamwambia nani, asubuhi walikuwa wakichota maji kisima kimoja, na kwa hivyo neno lilikuwa na mpaka wake.

Mwangalie na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akauza vyungu, wala skuli hakupata. Alipoingia mjini na sauti yake ikaanza kupendwa, wenye wivu walimtungia maneno ya kumdharau kwa sura yake na asili yake ya shamba. Naye akawajibu kwa beti, kwa jina lake, mbele za watu: uzuri na nasaba vitamfaa nini mtu aliyekosa akili? Hakumtukana mtu mzazi wake, hakujificha. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na watu mpaka leo wanalijua jibu lake kwa sababu lilikuwa na sura ya mtu nyuma yake. Mwanamke asiyejua kuandika, mwanangu. Hilo nalo lifikirie.

Wewe ulikuwa mdogo, huikumbuki Pemba ya baada ya uchaguzi wa 1995. Niliishi ndani yake. Haikuanza kwa fimbo. Ilianza kwa majina. Watu wa chama hiki wakawapa wale jina la kuudhi, na wale wakawapa hawa, majina yakasemwa mabarazani mpaka yakawa kama majina ya kuzaliwa. Kisha mtu akaacha kununua chumvi duka la fulani. Kisha wake wakaachwa kwa sababu ya kura. Kisha ami yangu akafa, na waliokuja kulibeba jeneza walikuwa nusu ya waliokuwa wakisali naye safu moja. Niliwaona kwa macho yangu majirani wamekaa barazani kwao, jeneza linapita, hawakuinuka. Mpaka leo nikiipita baraza ile moyo unanishtuka.

Iliposemwa Novemba 2009 kwamba Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF, wakubwa wa vyama hivyo viwili, wamekaa pamoja, wengine hawakuamini. Kisha ikaja kura ya maoni ya 31 Julai 2010, na theluthi mbili ya waliopiga kura wakakubali serikali ya umoja. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yasiyoandikwa ni kwamba huku vijijini watu walianza kwendeana majumbani. Mmoja wa wale waliokaa barazani alikuja kwetu baada ya Isha, akasimama mlangoni, akasema: mimi sikumzika ami yenu, nimekuja kutaka radhi. Shangazi yako alilia, akamkaribisha ndani, akampa kahawa.

Aliweza kuja kwa sababu tulimjua. Tulijua uso wake, jina lake na kosa lake, na yeye alijua mlango wa kubisha.

Wewe umejinyima mlango huo. Haki ya Mwenyezi Mungu unaweza kuiombea toba usiku, peke yako, na Yeye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja inamngoja mja mwenyewe akusamehe. Na yule mama atamsamehe nani? Kile kijina cha uongo hakina mama, hakina kijiji, hakitakufa wala hakitasimama kiyama. Utakayesimama ni wewe. Wailun likulli humazatil lumaza: uliihifadhi sura hiyo kabla hujang'oka jino, umekaa mkekani mbele yangu, na nilikueleza kwamba humo wanaonywa wanaowasengenya watu na kuwakebehi. Sikukueleza habari za simu kwa sababu hazikuwepo. Nilidhani hapakuwa na haja.

Mjomba wako alinitajia sheria, ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwamba kifungu cha 23 kinahusu uonevu wa mitandaoni na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Nimemsikia. Lakini sitaki unyamaze kwa kuogopa polisi.

Wala sitaki unyamaze, kwa jumla. Hapa unielewe vizuri. Wako watu wanaolitumia neno adabu kuwafunga wanyonge midomo. Mkubwa akila fedha za watu na mdogo akauliza, huambiwa hana adabu. Hiyo si adabu niliyokufundisha. Ukiona fedha za kisima zimeliwa, sema, tena sema kwa nguvu, taja kiasi, taka hesabu, weka na jina lako chini. Mwenye adabu siku ile alikuwa yule mama. Aliuliza mbele ya watu mia tatu, bila ya kujificha, akijua ataonekana hajui kuandika.

Na tazama ulichokifanya kwa swali lake. Watu walicheka, wengine wakakukemea, wengine wakakutetea, kundi likawaka mpaka usiku wa manane. Alfajiri nilipofungua simu nilitafuta jibu la fedha za kisima, sikuliona. Mpaka ninapokuandikia, mshika fedha hajasema kitu. Kama kuna mtu aliyefurahi kwa tusi lako basi ni yeye, maana limemfunika.

Nimemuuliza binamu yako wa mambo ya kompyuta kwa nini watu wapole wakiingia humo hubadilika. Akaniambia kurasa hizi nyingi, zile za Facebook na wenzake, husogeza mbele kile kinachojibiwa sana, na hakuna kinachojibiwa haraka kama kinachoudhi. Kwa hivyo mwenye kuudhi huonekana mkubwa. Nikamwambia, lakini kundi letu la kijiji halina wa kusogeza kitu, ni sisi kwa sisi tu. Akafikiri kidogo, akasema labda watu wanayatoa huko mazoea na kuja nayo nyumbani, kama mtu anayeingia msikitini na viatu vyenye matope. Nadhani amesema kweli. Lakini ipo na sababu nyengine niliyoiona mwenyewe. Barazani ukimwambia mtu neno baya unamwona mdomo unavyotetemeka, na huruma inakujia kabla hujafika la pili. Wewe siku ile uliona kioo tu. Ungeuona uso wa yule mtoto usingemaliza sentensi; nakujua, nimekuzaa.

Nimeshazungumza na shoga yangu. Sikumwambia ni wewe. Nilimuuliza tu, akija aliyekuandikia vile utamfanya nini? Akanyamaza, akaendelea kufunga mwani, kisha akasema: nitamuuliza amekula.

Panda boti ya wiki hii. Ukishuka Mkoani usipitie kwa rafiki zako Chake, njoo moja kwa moja huku kaskazini kabla ya Magharibi. Usije kwanza kwangu. Nenda kwake, kaa mkekani, mwambie mimi ndiye, na utaje jina nililokupa. Kisha mwite mtoto. Nimemnunulia daftari na kalamu, vipo kwangu, lakini sitampa mimi. Mwombe akuandikie barua ya bibi yake upya, lile swali la kisima, herufi kwa herufi, na akikosea mngoje. Halafu uitume wewe kwenye kundi, kwa namba yako tunayoijua sote, na chini yake uandike kwamba na wewe unataka jibu.

Mimi nitakuwa jikoni. Nitapika muhogo wa nazi na changu, na nitaacha mlango wa uani wazi.

Mama yako