Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu na katibu ana orodha ya wanachama wapya, kwa hiyo hayo nawaachia wenyewe. Mimi nitakaa kwenye jambo lililotugawa mwaka mzima: mtoto mwenye kipaji cha besiboli afungwe kwenye nafasi moja tangu mdogo, au aachwe azunguke uwanja wote? Na akimaliza sekondari, akimbilie mkataba wa klabu ya kulipwa au aende chuo?

Wengi wetu tumekulia kwenye kandanda, Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi. Mchezo huu tumeukuta huku Georgia, Marekani, na waliotuingiza ni watoto. Ndiyo maana kamati iliamua kutumia mfano wa mtoto wa jimbo hili hili, Buster Posey, aliyekuja kuwa nyota wa klabu ya San Francisco Giants.

Alizaliwa Leesburg, kusini-magharibi mwa Georgia, mwaka 1987, akasoma Lee County High School. Huko alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, na pia mpigaji wa kuogopwa. Mwaka 2005 klabu ya Angels ilimchagua katika uteuzi wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, lakini katika raundi ya 50, ya mwisho kabisa. Akaamua kwenda Chuo Kikuu cha Florida State. Wanaodhani kijana akiikataa klabu basi ameipoteza bahati yake, wasome utaratibu: anayeingia chuo cha miaka minne huweza kuchaguliwa tena akimaliza mwaka wa tatu, au akitimiza miaka 21.

Mwaka wa kwanza chuoni alilinda eneo kati ya bezi ya pili na ya tatu (bezi ni vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia), na alilimudu vizuri. Mwaka wa pili makocha wakamgeuza mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago usoni, akimwelekeza mrushaji kwa ishara za vidole. Kijana aliyekwisha kung'ara anaambiwa aanze kujifunza upya! Kwetu hapa mzazi wake angenipigia simu saa tano usiku, na majina yenu ninayo.

Matunda yalionekana 2008. Wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake yaliyofaulu, ulikuwa .463, wakati anayefika .300 huhesabiwa hodari. Alipiga hom-rani 26, mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka bezi zote, na mapigo yake yakaleta mbio, yaani pointi, 93. Akatwaa tuzo ya Golden Spikes na ya Dick Howser, zote za mchezaji bora wa mwaka, na ya Johnny Bench waliyokuwa wakipewa wadakaji bora wa vyuo. Tarehe 12 Mei mwaka huo, dhidi ya Savannah State, alicheza nafasi zote tisa katika mechi moja. Siku hiyo hiyo alipiga hom-rani bezi zote tatu zikiwa na watu, mbio nne kwa pigo moja, na alipopewa zamu ya kurusha akawatoa wapigaji wawili. Ubingwa wa vyuo hakuupata: Florida State walifika Omaha, kunakochezwa fainali za vyuo, wakafungwa mechi mbili, wakarudi nyumbani. Lakini mwezi wa Juni mwaka huo San Francisco Giants walikuwa wamemchagua wa tano nchi nzima, na mkataba wake ukaanza na dola milioni 6.2. Mtu wa raundi ya 50!

Mwanachama mmoja, nilipompa mfano huu, alinijibu kwamba mtoto wake si Posey. Ni kweli, na wangu pia siye. Hata hivyo kamati imeamua kwamba watoto wote walio chini ya miaka 13 watazungushwa nafasi, na hili halitafunguliwa tena msimu huu. Mirusho nayo itahesabiwa kwa mwongozo wa Pitch Smart wa MLB na USA Baseball, chama cha besiboli cha taifa: miaka 9 na 10, isizidi 75 kwa siku, miaka 11 na 12, isizidi 85. Akivuka 65, mkono upumzike siku nne. Mzazi asiende kumrushisha tena Jumapili kwenye timu nyingine kwa siri. Kiwiko kikiharibika, kocha wa timu ya pili hatalipa daktari.

Mengine ni mafupi. Ada haitapanda. Gari la kukodi limetugharimu zaidi kuliko tulivyopanga, kwa hiyo mechi za mbali tutapeana lifti. Wenye nafasi kwenye magari wajiandikishe kwa katibu. Akina mama wanaopika siku za mashindano wameomba wababa nao wapangiwe zamu, na kamati imekubali bila kupiga kura. Fomu za uchaguzi ziko mezani karibu na mlango. Nafasi ya mwenyekiti nayo iko wazi.