Mlinda Lango: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa jumuiya yetu ya wafanyabiashara na waendesha shughuli, Assalaam alaykum.

Kwanza tuwaombee dua wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema. Pili nawashukuru nyote mliotoka Wete, Micheweni na Mkoani kuja hapa Chake, mkaacha karafuu zenu majamvini na mawingu yako juu. Hesabu za mwaka atazisoma mshika fedha. Katibu anayo orodha ya wanachama wapya na ya ada zinazodaiwa. Niseme tu kwamba madeni ya maturubali na viti yamepungua, na spika zilizoungua mwezi wa Ramadhani zimeshatengenezwa.

Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo moja, ambalo wengine mlilishuhudia na wengine mmelisikia mitaani kwa kupunguzwa au kuongezwa. Nalo ni lile la lango siku ya maonesho yetu ya bidhaa.

Kiwanja tulichokodi kina ukuta pande zote na lango moja la chuma. Kufuli lilikuwa jipya, nililinunua mwenyewe. Ufunguo mmoja ulikuwa mfukoni mwangu na wa pili niliuweka nyumbani kabatini. Alfajiri nikaondoka kwenda Mkoani kumpokea mgeni wetu aliyekuwa anakuja na meli, na meli ikachelewa kufunga gati. Huku nyuma mama zetu wapishi wakafika na masufuria ya pilau yamefunikwa kwa kanga, wakayapanga chini ya ukuta upande wa kivuli. Kivuli kikahama, nao wakahamisha masufuria. Kikahama tena, wakahamisha tena. Vijana wa maturubali walipochoka kungoja walianza kupitisha viti juu ya ukuta kimoja kimoja, mmoja amepanda, mwengine anapokea ndani. Nilipofika, watu walikuwa wamerundikana mbele ya lango na kila anayekuja anasukuma waliomtangulia. Mtoto mmoja alikuwa amebanwa kwenye vyuma, analia, na mama yake yupo nyuma ya watu kumi hawezi kumfikia. Alitolewa salama, alhamdulillahi. Lakini kilio chake bado kimo masikioni mwangu.

Kosa lile ni langu. Sikumpa mtu ufunguo kwa sababu niliona kwamba kwangu ndipo salama. Tangu siku ile nimekuwa nikiutazama mpira kwa jicho jengine, kwa sababu mpira ndiyo shughuli kubwa kuliko zote tunazozijua, na sisi ambao riziki yetu ni shughuli za watu tuna mengi ya kuchukua humo.

Usiku mmoja nimeurejea mara nyingi. Tarehe 24 Januari 2022, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, wenyeji Kamerun walicheza na ndugu zetu Wangazija, timu ya Komoro, katika hatua ya mtoano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Komoro hawakuwa na kipa hata mmoja. Wawili walikuwa na korona, wa tatu alikuwa ameumia bega. Beki wao wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa jezi ya kipa, nambari yake 3 ikabandikwa mgongoni kwa utepe. Dakika ya 7 tu nahodha wao, Nadjim Abdou, akaonyeshwa kadi nyekundu. Wakabaki kumi, langoni amesimama beki, mbele yao Kamerun na uwanja mzima. Walifungwa 2 kwa 1, na bao lao alilifunga Youssouf M'Changama kwa mpira wa adhabu ambao mtu akiuona mara moja hausahau. Waliodhani yatakuwa mabao kumi walinyamaza.

Nje ya uwanja ule ule, kabla ya mchezo kuanza, watu wanane walifariki kwa kukanyagana. Rais wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, Patrice Motsepe, alisema lango lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Robo fainali iliyopangwa kuchezwa hapo ikahamishiwa uwanja mwengine.

Kiswahili chetu kinamwita kipa mlinda lango, na anayesimama mlangoni tungemwita vivyo hivyo. Ndani, lango lisilo na mlinzi lilipata mtu aliyekubali kulibeba, akapewa imani na wenzake wakamkinga. Nje, lango lilikuwepo, watu wa zamu walikuwepo, na bado waliokuja kutazama mpira walirudishwa kwao kwenye majeneza.

Msije mkadhani kwamba dawa yake ni kufungua tu. Katika uwanja wa mpira wa Hillsborough, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, polisi waliamuru lango la kutokea lifunguliwe ili kupunguza msongamano nje. Watu wakaingia kwa wingi, wakafuata njia iliyokuwa mbele yao moja kwa moja hadi sehemu za katikati ambazo zilishajaa, ilhali za pembeni zilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza. Waliopoteza maisha ni 97. Kwa hiyo lango wazi linaua na lango lililofungwa linaua. Panatakiwa mtu anayeona pande zote mbili, nje na ndani, na mwenye ruhusa ya kuamua papo hapo bila ya kumpigia simu mkubwa wake.

Hilo la ruhusa ndilo lililonikera zaidi nafsi yangu. Kocha ana eneo lake lililochorwa pembeni ya uwanja. Atapiga kelele, atarusha mikono, lakini mpira haugusi. Akiwa hakuwafundisha wachezaji wake wiki nzima, hawezi kuingia dakika ya 80 akawaokoa. Mimi niliingia uwanjani na ufunguo mfukoni, kisha nikaondoka nao. Na naona baadhi yetu tunaendesha hata biashara zetu hivyo hivyo. Yupo mwenzetu, sitamtaja na yeye anajijua kwa sababu ameniruhusu nilisimulie, aliyelazwa mwaka huu, na duka lake likafungwa mpaka alipotoka. Mwanawe alikuwepo na bidhaa zilikuwepo. Lakini bei zote, majina ya wanaodaiwa na namba za wanaoleta mzigo kutoka Unguja vilikuwa kichwani mwa mzee. Kijana alikaa barazani akiwaambia wateja, "Mngojeni baba."

Timu haiendi mechini bila ya benchi. Siku hizi kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, na wale watano wamefanya mazoezi yale yale na wanaujua mpango ule ule. Viwanja navyo vina benchi lao. Mwaka huu fainali ya Kombe la Shirikisho la vilabu vya Afrika baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco, mchezo wa marudiano, ilitakiwa ichezwe uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Nyasi za pale zikaonekana hazifai, na siku chache kabla ya mchezo ikaamuliwa uchezwe New Amaan, Unguja. Tarehe 25 Mei ukachezwa, 1 kwa 1, na Berkane wakachukua kombe kwa jumla ya 3 kwa 1. Wapenzi wa Simba mliomo humu najua jeraha bado bichi. Lakini tazameni upande wa pili. Amaan iliweza kupokea fainali ya Afrika kwa taarifa ya siku chache kwa sababu matengenezo yake yalishakamilika tangu Disemba 2023. Uwanja ulitengenezwa kabla ya kuitwa.

Na pale ambapo mambo hayajawa tayari, kuahirisha si aibu. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, ilipangwa Februari mwaka huu katika nchi zetu tatu za Afrika Mashariki. CAF wakaisogeza hadi Agosti ili viwanja na miundombinu vikamilike. Ilipofika Agosti, Amaan ilipokea mechi za kundi moja, na hapo ndipo tulipoiona Sudan, nchi iliyo vitani, ikiifunga Nigeria 4 kwa 0. Tungekuwa sisi, tungeshachapisha kadi, tungeona haya, tungelazimisha. Naomba tujifunze kumwambia mwenye harusi mapema kwamba tarehe hiyo hatuwezi, badala ya kumpelekea turubali lililochanika.

Hapa kwetu Pemba, uwanja wa Gombani, mwanzoni mwa Januari, Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa. Zanzibar Heroes walianza kwa kuifunga Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, 1 kwa 0 na wakamaliza kwa kuifunga Burkina Faso 2 kwa 1 katika fainali. Furaha ile mnaijua, sina haja ya kuielezea. Mimi nilichokishika zaidi ni pembeni ya barabara, wauza karanga, maji na kahawa waliokuja na chenji ya kutosha. Mama mmoja alikuwa na noti ndogo amezifunga makundi makundi kwa mpira wa nywele, na binti yake kasimama nyuma ya ndoo anajua kila bei. Watu wanatoka wanakimbilia gari, yeye hamcheleweshi mtu. Nilinunua karanga kwake na kwa jirani yake. Jirani yake bado ananidai chenji yangu, au tuseme mimi bado namdai.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Wageni watapita visiwani kwetu wakiwa wengi, na wataalikwa kwenye shughuli zetu. Kwa hiyo kamati imepitisha yafuatayo, nasi tunaomba baraka zenu leo. Kila shughuli ya jumuiya itakuwa na mlinda lango aliyetajwa kwa jina, na mwengine wa kumpokea akiondoka. Neno lake langoni ni la mwisho, hata mbele ya Mwenyekiti. Gari za chakula na viti hazitapita njia moja na watu, na kiwanja chenye mlango mmoja hatutakikodi, kiwe rahisi namna gani. Kila mwenye duka au mashine ya kukodisha atamfundisha mtu mmoja kazi yake yote, bei na madeni yakiwemo, kabla ya Ramadhani.

Kufuli lile nimekuja nalo. Lipo hapa mezani na funguo zake zote mbili, na wa tatu nimeuchonga jana sokoni. Mmoja nampa kiongozi wa wapishi, wa pili kiongozi wa vijana wa maturubali, wa tatu utakaa kwa Katibu. Naomba mama aje apokee, kisha mshika fedha atusomee hesabu.