Barua ya wazi kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kisumu: ulizeni habari za choo

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaozunguka Nyalenda, Manyatta na Kondele, hadi mashambani kule Ahero na Nyakach, mkiingia boma baada ya boma na mikoba mliyokabidhiwa na serikali mwaka 2023. Mkobani mna mashine ya presha na ya kupima sukari. Hamna kifaa cha kupima jambo ninalowaandikia leo, wala hakihitajiki, kwa kuwa linajulikana kwa kuuliza tu. Mimi ni muuguzi mstaafu, na ombi langu ni kwamba kila mnapomtembelea mtu aliyevuka miaka sitini mumuulize habari za choo chake, kwa kuwa kufunga choo kunaweza kuutangulia ugonjwa wa kutetemeka, na jibu lake mlipe uzito uleule mnaoipa presha yake.

Ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi wetu huuita ugonjwa wa kutetemeka, ulielezwa mwaka 1817 na daktari wa London, James Parkinson, na tangu wakati huo yeye mwenyewe aliona kwamba wagonjwa wake walisumbuliwa sana na kufunga choo. Kwa muda mrefu shida hiyo ilihesabiwa kuwa tokeo la ubongo kuharibika. Mwaka 2003 mtaalamu wa Ujerumani, Heiko Braak, pamoja na wenzake, walitoa dhana iliyogeuza mpangilio huo: kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huanzia kwenye neva za tumbo, ambako protini iitwayo alfa-sinuklini hujikunja vibaya na kugandamana, kisha uharibifu huo hupanda polepole kwa njia ya vagasi, ile neva ndefu inayounganisha utumbo na shina la ubongo. Utafiti wa Hawaii uliochapishwa mwaka 2001, uliowafuatilia wanaume kwa miaka mingi, ulikuwa tayari umeonyesha kwamba waliokwenda haja kubwa chini ya mara moja kwa siku walipata Parkinson zaidi kuliko wenzao. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayouwezesha mwili kujongea sawasawa, huwa zimekwisha kufa.

Bakteria waliingia kwenye habari hii kwa kishindo mwaka 2016, kwa jaribio la panya lililofanywa California. Panya hao walikuwa wamezalishwa ili miili yao itengeneze alfa-sinuklini kupita kiasi. Waliolelewa bila bakteria wowote tumboni walitembea vizuri kuliko wenzao, na walipopandikiziwa bakteria kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa wa Parkinson, hali yao ilizorota kuliko ya wale waliopewa bakteria wa watu wenye afya. Kuhusu usahaulifu wa uzeeni, yaani Alzheimer na jamaa zake, ushahidi wa namna hii upo pia lakini bado ni mchanga.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wauzaji wa chupa za kusafisha tumbo watakapotaka kuwatangulia. Panya si mzee wa Nyakach. Wengi wanaofunga choo hawataugua Parkinson kamwe. Huenda ni maji kidogo, dawa za maumivu, au kukaa kitako kutwa nzima. Mwaka 2024 yalitoka majibu ya majaribio mawili ya kuwapandikizia wagonjwa bakteria wa watu wenye afya: la Ubelgiji lilionyesha nafuu ndogo ya mwendo, la Ufini halikuonyesha nafuu ya maana. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba mursik, yale maziwa yaliyochachushwa, au unga wa wimbi unaponya kutetemeka, mwacheni aende zake, na atakayemnunulia mzee antibayotiki dukani ili aue bakteria wabaya, mzuieni, kwa kuwa dawa hiyo huua wema na wabaya bila kuchagua.

Chakula kina kazi yake hata hivyo. Wimbi, mtama, kunde, mrenda na managu huwapa bakteria nyuzinyuzi za kuchachusha, na choo hulainika. Wazee wetu wengi hujinyima maji kuanzia alasiri kwa sababu choo kiko nyuma ya boma na usiku ni giza. Hapo tochi na ndoo ya usiku vitasaidia kuliko mahubiri yenu yote juu ya lishe.

Kuuliza kwenyewe kuna adabu yake. Mzee haulizwi habari za choo mbele ya wakazamwana wake. Mvuteni kando chini ya mwembe, mwanzeni na habari za mifugo, kisha msimuulize kama ana shida, maana atasema hana. Muulizeni, "Baba, tangu Jumapili umekwenda haja kubwa mara ngapi?" Ongezeni kama bado anasikia harufu ya omena ikikaangwa, na mkewe aseme kama mumewe hurusha mateke na kupiga kelele usingizini. Majibu hayo matatu yakionyesha shida kwa pamoja, yaani choo kigumu, pua isiyonusa na usingizi wa mateke, ana haki ya kuonwa na daktari hata kama mikono imetulia. Na mkikuta mama ambaye uso wake umekauka na hatua zimekuwa fupi, majirani wakinong'ona kwamba amerogwa au kwamba ni chira, laana ya kuvunja mwiko, semeni waziwazi mbele yao kwamba huo ni ugonjwa wenye jina na dawa.

Dawa yenyewe ni levodopa, ambayo inapaswa kufika kwenye ubongo ndipo igeuzwe kuwa dopamini, na hapa tumbo hurudi tena. Protini ya samaki na maharagwe hushindana nayo kuingia mwilini. Mzee anayemeza kidonge pamoja na ngege wa mchana atasema dawa haina nguvu, kumbe imezuiwa mlangoni. Ameze nusu saa kabla ya kula, au saa moja baadaye. Mwaka 2019 watafiti walionyesha pia kwamba bakteria wa utumboni aitwaye enterokokasi huigeuza levodopa kuwa dopamini kabla haijafika kwenye ubongo, na kabidopa, dawa inayochanganywa ndani ya kidonge ili levodopa isigeuzwe mapema, haimzuii sawasawa. Pengine hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wawili kumeza kipimo kilekile na kupata nafuu tofauti. Msimruhusu mtu aache dawa hiyo ghafla, kwa kuwa kuikatiza kunaweza kuhatarisha maisha.

Mnapomwandikia mtu karatasi ya rufaa, msiandike "kutetemeka" tu. Andikeni mkono gani ulianza, ni lini choo kilianza kuwa kigumu, dawa zote anazomeza zikiwemo za mitishamba, na saa anazozimeza zikilinganishwa na saa za kula.

Ni mimi mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Kisumu